Ndoa na mahusiano kwa unajimu wa Kichina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hofu nyingi ambazo unajimu wa Kichina huleta kwenye uchumba zinatokana na kitu kimoja: mnyama wa mwaka. Msichana ni Nyani, mvulana ni Simbamarara, basi mtu anawaambia hamfai. Mnyama huyo ni herufi moja kati ya nane zinazosomwa, zinazotokana na mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, na kwenye suala la ndoa siyo yenye uzito mkubwa. Majibu haya yanaanza na mnyama kwa sababu ndipo kila mtu anapoanzia, kisha yanaingia ndani.

Nitajuaje mnyama wangu?

Gawa mwaka wako wa kuzaliwa kwa 12, kisha tazama baki. Baki 4 ni Panya, 5 Ng'ombe, 6 Simbamarara, 7 Sungura, 8 Joka, 9 Nyoka, 10 Farasi, 11 Mbuzi, 0 Nyani, 1 Jogoo, 2 Mbwa, 3 Nguruwe. Mwaka 1992 unagawanyika kwa 12 bila baki, kwa hiyo ni Nyani. 1986 unabakiza 6, ni Simbamarara.

Tarakimu ya mwisho ya mwaka hukupa elementi yake: 4 na 5 ni Mti, 6 na 7 Moto, 8 na 9 Udongo, 0 na 1 Chuma, 2 na 3 Maji. Ndiyo maana 1986 huitwa mwaka wa Simbamarara wa Moto.

Nimezaliwa Januari au Februari. Hesabu hiyo inanihusu?

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwaka wa Kichina hauanzi tarehe 1 Januari. Kwa desturi ya kawaida unaanza Mwaka Mpya wa mwezi mwandamo, ambao huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari hivi. Baadhi ya tarehe hizo: 1986 ilikuwa 9 Februari; 1988 ilikuwa 17 Februari; 1990 ilikuwa 27 Januari; 1992 ilikuwa 4 Februari; 1993 ilikuwa 23 Januari; 1995 ilikuwa 31 Januari; 1996 ilikuwa 19 Februari; 1998 ilikuwa 28 Januari; 2000 ilikuwa 5 Februari. Ukizaliwa kabla ya tarehe ya mwaka wako, mnyama wako ni wa mwaka uliotangulia.

Wasomaji wa bazi, yaani wale wanaosoma herufi zote nane, hawatumii tarehe hizo hata kidogo. Kwao mwaka hugeuka siku ya Lichun, jua linapofika sehemu maalumu ya njia yake, karibu na 4 Februari kila mwaka. Kwa hiyo aliyezaliwa 10 Februari 1996 ni Nguruwe kwa watu wa mtaani na ni Panya kwa mtaalamu wa bazi. Wote wawili wako sahihi ndani ya mfumo wao. Kosa ni kuichanganya, ukachukua mnyama wa kalenda moja na tafsiri ya nyingine.

Ukizaliwa siku yenyewe ya Lichun, saa ina maana. Mwaka 2024 Lichun iliingia saa 10:27 jioni kwa saa za Beijing, ambayo Afrika Mashariki ni saa 5:27 asubuhi, kwa kuwa tunapishana saa tano. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam siku hiyo saa tatu asubuhi ni Sungura. Aliyezaliwa adhuhuri ni Joka.

Ni wanyama gani wanaopatana kwa ndoa?

Wapange wote 12 kwenye duara. Wanaopishana hatua nne huunda makundi matatu-matatu: Panya, Joka na Nyani; Ng'ombe, Nyoka na Jogoo; Simbamarara, Farasi na Mbwa; Sungura, Mbuzi na Nguruwe. Ndiyo maana tofauti ya miaka minne au minane kati ya wachumba husifiwa.

Kuna pia jozi sita zinazohesabiwa kuwa karibu zaidi kwa ndoa, kwa sababu hufunga wawili tu: Panya na Ng'ombe, Simbamarara na Nguruwe, Sungura na Mbwa, Joka na Jogoo, Nyoka na Nyani, Farasi na Mbuzi.

Na wasiopatana?

Wanaotazamana uso kwa uso kwenye duara hugongana: Panya na Farasi, Ng'ombe na Mbuzi, Simbamarara na Nyani, Sungura na Jogoo, Joka na Mbwa, Nyoka na Nguruwe. Kwa kuwa wanapishana hatua sita, wazee wa Kichina husema kwa mkato kwamba tofauti ya miaka sita ni mbaya.

Kisha kuna jozi za madhara, ambazo zina wimbo wake wa mtaani: farasi mweupe humwogopa ng'ombe wa kijani, mbuzi na panya wakikutana mambo huharibika, nyoka na simbamarara ni visu vinavyokwaruzana, joka na sungura ni machozi, jogoo wa dhahabu humwogopa mbwa, nguruwe na nyani hawafiki mwisho. Mgongano husomwa kama ugomvi wa wazi. Madhara husomwa kama kinyongo cha chinichini, mara nyingi kinachopitia kwa ndugu na wakwe.

Wenye mnyama mmoja hawana tatizo, ila wanne husemwa hujiumiza wakikutana wenyewe kwa wenyewe: Joka, Farasi, Jogoo na Nguruwe. Ni kanuni dhaifu, usiisumbukie.

Mwanamke amemzidi mwanamume miaka mitatu. Ni mkosi?

Kinyume chake. Msemo wa kaskazini mwa China unasema mke aliyemzidi mumewe miaka mitatu humletea tofali la dhahabu. Ni msemo wa wakulima waliotaka mkwe mwenye nguvu za kazi, hautokani na hesabu ya nyota.

Tunagongana kwa mwaka na familia ya mchumba wangu Mchina imekataa. Tuachane?

Hapana, si kwa sababu hiyo. Hata kwa kanuni za unajimu wenyewe, mwaka husoma ukoo, mababu na sura mtu anayoionyesha jamii. Tangu enzi ya Song (karne ya 10 hadi ya 13), njia inayonasibishwa na mnajimu Xu Ziping iliweka nafsi ya mtu kwenye siku ya kuzaliwa, na ndoa ikawekwa hapohapo. Mgongano wa miaka hutafsiriwa kama familia mbili kutoelewana mwanzoni, jambo ambalo, ukitazama kilichotokea, tayari limetimia. Kinachoamua zaidi ni siku.

Jibu la vitendo kwa familia kama hiyo ni kuomba usomaji kamili wa herufi nane za wote wawili, kwa mtaalamu wanayemkubali wao. Mara nyingi mzee aliyekataa kwa sababu ya mnyama hukubali akiambiwa kuwa siku zinapatana, kwa sababu anajua siku ina uzito kuliko mwaka.

Bazi ni nini hasa?

Ni nguzo nne: mwaka, mwezi, siku na saa. Kila nguzo ina shina juu na tawi chini, jumla herufi nane. Mashina ni kumi, yaani elementi tano kila moja ikiwa na upande wa yang na wa yin, pande mbili zinazopingana na kukamilishana. Matawi ni kumi na mawili, wale wanyama. Shina la siku ndilo wewe. Tawi la siku, lililo chini yake, ndilo nyumba ya ndoa.

Miezi hapa si ya mwandamo bali ya jua, na hugeuka karibu na tarehe 4 hadi 8 ya kila mwezi wetu. Aliyezaliwa karibu na tarehe hizo ahakikishe saa ya mgeuko.

Programu za bure zipo nyingi na zingine ni mbovu. Ipime kwanza. Ingiza 1 Januari 2000, saa sita mchana. Siku lazima isome wu-wu, Udongo wa yang juu ya Farasi. Mwezi bing-zi, Moto wa yang juu ya Panya. Na mwaka ji-mao, Udongo wa yin juu ya Sungura. Ikikuandikia mwaka wa Joka, inageuza mwaka tarehe 1 Januari, iache. Kipimo cha pili ni 1 Oktoba 1949: siku hiyo ni jia-zi, ya kwanza kabisa katika mzunguko wa siku 60.

Saa ya kuzaliwa niiandikeje?

Wachina wa kale waligawa siku vipande 12 vya saa mbili-mbili. Kwa saa zetu za Kiswahili:

Panya, saa 5 usiku hadi saa 7 usiku
Ng'ombe, saa 7 hadi 9 usiku
Simbamarara, saa 9 usiku hadi 11 alfajiri
Sungura, saa 11 alfajiri hadi saa 1 asubuhi
Joka, saa 1 hadi 3 asubuhi
Nyoka, saa 3 hadi 5 asubuhi
Farasi, saa 5 asubuhi hadi saa 7 mchana
Mbuzi, saa 7 hadi 9 alasiri
Nyani, saa 9 alasiri hadi 11 jioni
Jogoo, saa 11 jioni hadi saa 1 usiku
Mbwa, saa 1 hadi 3 usiku
Nguruwe, saa 3 hadi 5 usiku

Kosa la kwanza ni la lugha. Mama akisema ulizaliwa saa tatu usiku, programu inataka 21:00, lakini watu huandika 03:00. Cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki huandika kwa saa za Kizungu, mama anakumbuka kwa Kiswahili. Linganisha vyote viwili kabla ya kuingiza.

Kosa la pili ni la jiografia. Bazi hufuata jua la mahali ulipozaliwa, haifuati saa ya ukutani. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo 45 Mashariki, na sisi karibu sote tuko magharibi ya hapo. Kila digrii ni dakika nne. Dar es Salaam na Mombasa jua liko nyuma ya saa kwa dakika zaidi ya 20, Nairobi kama 33, Mwanza kama 48, na Kigoma saa nzima. Mtoto aliyezaliwa Kigoma saa moja na nusu asubuhi amezaliwa saa kumi na mbili na nusu kwa jua, kwa hiyo ni saa ya Sungura, si ya Joka. Ng'ambo ya ziwa, Bujumbura hutumia saa za longitudo 30, na saa ya ukutani inakaribiana sana na jua. Huko huhitaji kupunguza kitu. Juu ya hayo jua lenyewe huyumba hadi dakika 16 hivi mwaka ukizunguka. Ukiwa katikati ya kipande cha saa mbili usijali. Ukiwa karibu na mpaka, piga hesabu.

Kwa mwenzi aliyezaliwa China kati ya 1986 na 1991, uliza kama ni msimu wa joto. Miaka hiyo China ilisogeza saa mbele kwa saa moja, nayo inapaswa kupunguzwa.

Na aliyezaliwa kati ya saa tano na saa sita usiku?

Shule mbili zinabishana. Moja hugeuza siku saa tano usiku, nyingine hungoja saa sita. Nyumba ya ndoa inabadilika kabisa kati ya hizo mbili. Chora chati zote mbili, ulinganishe na maisha yaliyokwisha kupita, uchague inayokaa.

Sijui kabisa saa yangu.

Soma herufi sita. Nyumba ya ndoa iko kwenye siku, hivyo sehemu kubwa ya usomaji wa ndoa inabaki. Unachokosa ni watoto, uzeeni, na pengine nyota ya mwenzi iliyojificha kwenye saa. Mtu anayekuuzia "kurekebisha saa" kwa kukuuliza maswali matatu anabahatisha.

Nyota ya mwenzi ni ipi katika chati yangu?

Anza na elementi ya shina la siku yako. Kwa mwanamume, mke ni elementi anayoishinda yeye. Kwa mwanamke, mume ni elementi inayomshinda. Mti huushinda Udongo, Udongo huyashinda Maji, Maji huushinda Moto, Moto hukishinda Chuma, Chuma huushinda Mti. Kwa hiyo mwanamume wa Mti anatafuta Udongo, wa Moto anatafuta Chuma, wa Udongo Maji, wa Chuma Mti, wa Maji Moto. Mwanamke wa Mti anatafuta Chuma, wa Moto Maji, wa Udongo Mti, wa Chuma Moto, wa Maji Udongo.

Kanuni hii ilitungwa na wanaume wakati mke alihesabiwa pamoja na mali, na haifichi: nyota ya mke na nyota ya mali ni moja. Wasomaji wa leo wengi huitumia hivyohivyo kwa kupata alama, ila hawasemi tena kwamba mwanamke lazima ashindwe.

Yin na yang hutofautisha. Mwenzi wa upande tofauti na wako huitwa wa moja kwa moja, na husomwa kama ndoa rasmi na tulivu. Wa upande mmoja na wako husomwa kama mvuto mkali, mapenzi ya ghafla, au mwenzi mwenye tabia ngumu.

Nyota ikikosekana usiseme mtu hataoa. Kwanza tafuta mashina yaliyofichwa ndani ya matawi, kwa sababu kila tawi hubeba moja hadi matatu. Pili, ikikosekana kabisa, husubiriwa mwaka au muongo unaoileta, au mwenzi anayeibeba. Nyota zikizidi, hasa zikiwa nne au tano zenye nguvu, ndipo wasomaji huonya: wachumba wengi, uamuzi mgumu.

Tuonyesheni mfano mmoja kamili.

Mwanamke: 15 Juni 1992, asubuhi, saa ya Joka. Mwaka ren-shen, Maji juu ya Nyani. Mwezi bing-wu, Moto juu ya Farasi. Siku ren-xu, Maji ya yang juu ya Mbwa. Saa jia-chen, Mti juu ya Joka.

Mwanamume: 2 Oktoba 1986, saa haijulikani. Mwaka bing-yin, Moto juu ya Simbamarara. Mwezi ding-you, Moto juu ya Jogoo. Siku ji-mao, Udongo wa yin juu ya Sungura.

Kwa mnyama wa mwaka, hawa ni Nyani na Simbamarara, miaka sita, mgongano kamili. Mtu wa mtaani ataishia hapo.

Sasa soma siku. Mwanamke ni Maji ya yang, na nyota ya mume wake ni Udongo; Udongo wa yin ndio mume wa moja kwa moja. Mwanamume ni Udongo wa yin. Upande wa pili, mwanamume wa Udongo mke wake ni Maji, na Maji ya yang ndiyo ya moja kwa moja. Kila mmoja ni nyota halisi ya mwenzake. Nyumba za ndoa ni Mbwa na Sungura, moja ya zile jozi sita. Na ukihesabu ua la pichi, yaani tawi la mvuto linaloelezwa hapa chini, kwa siku ya mwanamke, linaangukia Sungura, yaani nyumba ya ndoa ya huyu mwanamume.

Si kwamba hakuna kasoro. Jogoo wa mwezi wa mwanamume anagonga Sungura wake, na mwezi ni sehemu ya wazazi na kazi: ndoa yake husumbuliwa kutoka huko. Mbwa wa mwanamke anapoungana na Sungura hulegeza mgongano huo, kwani tawi lililofungwa halipigani vizuri. Kwa mwanamke, Joka wa saa anagonga Mbwa wake. Saa ni watoto na miaka ya baadaye, na hapo pia Sungura wa mume hushika. Mwanamume hana tone la Maji katika herufi zake sita, wala kwenye mashina yaliyofichwa; mwanamke anayaleta mawili juu kabisa ya chati. Usomaji wa kawaida ungekuwa: chagueni kuishi mbali kidogo na wazazi wa mume, na msibishane kuhusu kazi yake nyumbani.

Nitaolewa lini? Nitaoa lini?

Hakuna alama moja. Tafuta miaka ambayo alama mbili au tatu zinakutana: tawi la mwaka linaungana na nyumba yako ya ndoa, shina la mwaka linaleta nyota ya mwenzi, muongo wako wa bahati (kipindi cha miaka kumi katika chati) haupingani, au Hongluan, nyota ya ndoa, inafika.

Kwa mfano uliopita, 2023 ulikuwa gui-mao, Maji juu ya Sungura. Kwa mwanamke Sungura huungana na Mbwa wake. Kwa mwanamume Maji ni nyota ya mke, na Sungura hurudia nyumba yake ya ndoa na kuiamsha. Ndio mwaka ambao msomaji angeutia alama. Mwaka uliofuata, wa Joka, unagonga Mbwa wa mwanamke. Kwa aliye peke yake mgongano wa nyumba ya ndoa huweza kuwa hata posa, kwani nyumba iliyotulia inasukumwa. Kwa aliyeoana husomwa kama kuhama, safari au ugomvi.

Hongluan huhesabiwa kwa mnyama wa mwaka, kurudi nyuma kuanzia Sungura: Panya huipata mwaka wa Sungura, Ng'ombe mwaka wa Simbamarara, Simbamarara mwaka wa Ng'ombe, Sungura mwaka wa Panya, Joka mwaka wa Nguruwe, Nyoka mwaka wa Mbwa, Farasi mwaka wa Jogoo, Mbuzi mwaka wa Nyani, Nyani mwaka wa Mbuzi, Jogoo mwaka wa Farasi, Mbwa mwaka wa Nyoka, Nguruwe mwaka wa Joka.

Ua la pichi ni nini, na ni ishara ya kudanganywa?

Ni tawi la mvuto. Ukiwa Nyani, Panya au Joka, ni Jogoo. Simbamarara, Farasi au Mbwa, ni Sungura. Nyoka, Jogoo au Ng'ombe, ni Farasi. Nguruwe, Sungura au Mbuzi, ni Panya. Huhesabiwa kwa mwaka na kwa siku. Likiwa kwenye mwaka au mwezi husemwa la ndani ya ukuta, mvuto wa heshima. Kwenye saa ni nje ya ukuta, na hapo ndipo wapambe hutisha watu habari za michepuko. Wafanyabiashara, waimbaji na watangazaji hulitaka. Halithibitishi usaliti wa mtu yeyote.

Mwaka wa mjane ni upi? Tuahirishe harusi?

Ni mwaka wa mwandamo usio na Lichun ndani yake. Mwaka wa Joka ulianza 10 Februari 2024, baada ya Lichun ya 4 Februari, ukaisha 28 Januari 2025, kabla ya Lichun ya 3 Februari. Hauna hata moja. Uliofuata wa Nyoka ulikuwa na mbili, na maharusi hupenda hiyo. Katika kila miaka 19, saba huwa haina Lichun, saba ina mbili, mitano ina moja. Isiyo nayo ya karibuni ni 2016, 2019, 2021, 2024, na 2027.

Ni suala la kalenda tu: miezi ya mwandamo na mwaka wa jua havilingani. Ingekuwa kweli inaua waume, zaidi ya theluthi ya ndoa zote za China zingekuwa za wajane. Hata hivyo imani huathiri. Wizara ya Mambo ya Kiraia ya China iliandikisha ndoa karibu milioni 7.68 mwaka 2023 na milioni 6.1 mwaka 2024. Usiupe mwaka wa mjane kushuka kote huko. 2023 ulibeba harusi zilizoahirishwa wakati wa korona, na vijana wenyewe wanapungua.

2026 ni Farasi wa Moto. Binti atakayezaliwa hataolewa?

Imani hii ni ya Japani zaidi. Ilisemwa mwanamke wa mwaka huo ana hasira na humfupishia mumewe maisha, na ikafungamanishwa na Yaoya Oshichi, binti wa muuza mboga wa Edo (Tokyo ya leo) aliyechomwa moto mwaka 1683 kwa kosa la kuchoma nyumba, na ambaye husemwa alizaliwa 1666. Mzunguko ni wa miaka 60. Mwaka 1966 watoto waliozaliwa Japani walishuka hadi kama milioni 1.36, kutoka milioni 1.82 mwaka uliotangulia, kisha 1967 wakapanda hadi milioni 1.94. Wazazi waliahirisha kuzaa, hakuna zaidi.

Katika bazi, Farasi wa Moto ni Moto mkali kwenye nguzo ya mwaka tu. Ukiwa Maji au Chuma, huenda ndio unaouhitaji.

Tarehe ya harusi huchaguliwaje?

Anza na miezi ya bibi harusi, kwa mwandamo. Jogoo na Sungura: mwezi wa 1 na wa 7. Simbamarara na Nyani: wa 2 na wa 8. Nyoka na Nguruwe: wa 3 na wa 9. Joka na Mbwa: wa 4 na wa 10. Ng'ombe na Mbuzi: wa 5 na wa 11. Panya na Farasi: wa 6 na wa 12. Mwezi wa 7 wenyewe ni wa mizimu na familia nyingi huukwepa, hivyo Jogoo na Sungura kwa kweli hubaki na mmoja.

Kisha ondoa siku ambazo mnyama wake anagonga mnyama wa mwaka wa bibi au bwana harusi, siku inayogonga mwezi, na siku inayogonga mwaka wenyewe. Ondoa pia Qingming, 4 au 5 Aprili, siku ya kusafisha makaburi. Katika zilizobaki, chagua inayoungana na nyumba za ndoa zenu. Ukumbi ukiwa umeshalipiwa na tarehe ni mbaya, familia hubadili saa ya kutoka kwa bibi harusi badala ya siku.

Zamani ilifanywaje kwenye posa?

Katika taratibu sita za ndoa, ya pili ilikuwa kuuliza jina na kuzaliwa kwa msichana. Herufi nane ziliandikwa kwenye karatasi nyekundu, zikawekwa kwenye madhabahu ya mababu, mara nyingi siku tatu. Kisipovunjika chombo wala kutokea ugomvi nyumbani, zilipelekwa kulinganishwa. Mshenga mwerevu alijua pia namna ya kupunguza mwaka mmoja au kubadili saa.

Jina langu na la mama yangu vinahitajika?

Hapana. Hiyo ni hesabu ya abjadi, yaani kugeuza herufi za jina kuwa namba, ya wanajimu wa pwani. Bazi hutaka wakati na mahali pa kuzaliwa tu.

Dini inasemaje?

Waislamu wana hadithi iliyopokewa na Muslim kuwa anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Wakristo hutajiwa Kumbukumbu la Torati 18:10-12. Kama nyumba ya mchumba ni ya Kichina na yako inashika dini, lisemeni mapema kabla ya posa, kwa sababu ombi la "tarehe na saa ya kuzaliwa" litakuja.

Tumeambiwa ndoa itavunjika tusipolipia dawa.

Mwondokee. Desturi yenyewe hutumia vitu vidogo: mwaka wa mnyama wako, ambao kwa 2026 ni Farasi, unavaa mkanda au soksi nyekundu zilizonunuliwa na mtu mwingine, tarehe hubadilishwa, mtu wa tatu mwenye mnyama anayeunganisha hupewa nafasi ya kuwafungulia mlango siku ya harusi. Msomaji wa kweli anakuambia kasoro iko kwenye nguzo gani na kwa nini, na anakuonyesha herufi zenyewe. Anayekataa kukupa chati yako mkononi, au anayetaja kifo cha mwenzi, hajui kazi au anajua anachouza.